Dawa Imenikataa

Kaka yangu ni fundi umeme, na mtaa mzima unamwita Rudia. Mama yetu hakumpa jina hilo. Alipewa na watu aliowawekea taa majumbani mwao, watu wanaolala bila hofu ya moto kwa sababu ya mikono yake. Kila nikilisikia likitajwa kwa kicheko hapa kibarazani kwangu, nakaza msuko wa huyo anayecheka mpaka machozi yamlengelenge. Mimi ni msusi. Kila mtu na silaha yake.

Na jina lenyewe lilianza kama sifa, ndiyo maana linaniuma zaidi. Fundi gani mwingine anamaliza kazi, anakunja waya zake, anafunga begi, anafika barabarani, kisha anarudi kuhakikisha skrubu ya soketi ya jikoni imekaza? Watu walifurahi. "Huyu anajali," walisema. "Wengine ukishawalipa hata simu hawapokei." Wakampeleka kwa ndugu zao, ndugu zao wakampeleka kwa majirani. Hakuna nyumba aliyoitia mkono iliyowahi kutoa hata cheche.

Kisha akawa anarudi mara ya pili. Kisha kesho yake. Kisha wiki inayofuata anabisha hodi, kofia mkononi: "Samahani mama, naomba niangalie tu meni swichi." Mama wa watu anaacha sufuria jikoni, anamfungulia. Anaitazama hiyo swichi kuu ya nyumba, anaigusa, anashukuru, anaondoka, anafika pale kwenye kona ya duka la vioo, anasimama. Nimemwona kwa macho yangu akisimama pale. Anageuka kama mtu aliyeitwa. Hodi tena.

Watu wazima na ndevu zao wakaanza kujificha nyuma ya mapazia wakimkwepa fundi wao wenyewe. Mmoja akamwambia usoni kwamba anapeleleza nyumba ili aje aibe. Kaka yangu, aibe! Mtu ambaye akibeba bisibisi ya mwenzake kwa bahati mbaya hawezi kula mpaka airudishe. Siku hiyo nilitaka kwenda kwa yule bwana, na mkewe nilikuwa namsuka, nikajizuia, nisije nikamnyoa kwa hasira mtu asiye na kosa.

Nyumbani kwake hali ilikuwa mbaya kuliko huko nje. Anatoka asubuhi, anarudi kuangalia pasi. Anatoka, anarudi. Mwisho akawa anaichomoa na kuibeba kwenye begi la vifaa, akienda nayo kazini katikati ya koleo na testa ya kupimia umeme, ili akiulizwa na kichwa chake afungue zipu na kuitazama. Wifi yangu alikuwa anaenda ofisini na nguo zenye makunyanzi. Wenzake wakadhani ndoa ina matatizo.

Siku moja kaka alikuja kunitengenezea mashine ya kukaushia nywele, nikamuuliza waziwazi. "Kaka, kwani husahau? Hukumbuki kama umezima?"

"Nakumbuka vizuri sana," akasema. "Hapo ndipo watu hawanielewi. Mkono unajua, macho yanajua. Lakini kuna kitu kichwani kinauliza, 'Una hakika?' Nikikijibu, kinauliza tena. Na usinitazame hivyo, mdogo wangu, sisikii sauti. Ni wazo langu mwenyewe. Ila halichoki."

"Na ukikataa kurudi?"

"Naiona nyumba inawaka. Na watoto wako ndani." Akaendelea kukaza skrubu. "Najua haiwaki. Kujua hakusaidii."

Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na kunguni wa kaka yangu kila mtu alijifanya anawajua. Kuna waliosema ni uvivu wa kazi. Kuna waliosema ni utoto. Kaka mkubwa, kifungua mimba wa mama, mtunza ghala la saruji na mtunza heshima ya ukoo, alisema ni kukosa msimamo. "Mwanaume akishafunga mlango, amefunga," alisema, huku akigonga meza kama aliyegundua kitu.

Wifi ndiye aliyempeleka kliniki. Daktari kijana aliwasikiliza, akasema ni ugonjwa, una jina, ni ugonjwa wa mawazo sugu na matendo ya kujirudia, na dawa ipo. Kaka alitoka pale amenyooka mgongo. Ugonjwa! Siku hiyo alinipigia simu kunieleza, na nilimsikia akicheka, kitu ambacho nilikuwa nimeanza kusahau kinavyosikika.

Sasa nataka mtu aniambie: mgonjwa gani duniani angemeza dawa kwa uaminifu kuliko huyu? Mtu anayehakiki swichi mpaka ipauke rangi, atasahau kidonge? Alikimeza saa ileile kila siku, akafungua kinywa mbele ya kioo kuangalia kama kimeshuka, akainua ulimi, akaangalia tena. Wifi alikuwa anamwambia, "Kimeshuka, baba, nimekiona kikishuka." Miezi miwili alifanya hivyo. Tumbo likamvuruga, usingizi ukapungua, mdomo ukakauka kama jivu. Na lile swali la "una hakika?" halikusogea hata inchi. Alikuwa amepata madhara yote ya dawa, faida hakuiona.

Akarudi kliniki. Siku hiyo wifi alibanwa kazini, kwa hiyo kaka mkubwa ndiye aliyemsindikiza, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Yaliyotokea nimeyapata baadaye kwa mwenyewe, nitayasema yalivyo. Pale mapokezi kuna dada mmoja, ana simu sikioni muda wote. Akamuuliza bila kumtazama, "Tatizo?" Kaka akajibu kama mtu yeyote mwenye lugha yake angejibu: "Dawa imenikataa." Yaani nimeitumia, haikunifaa, mwili hauelewani nayo. Kuna mtu asiyejua maana yake? Hata mtoto anajua. Yule dada akafungua mlango wa daktari nusu, bila kuondoa simu sikioni, akasema, "Daktari, mgonjwa wako yule amekataa dawa."

Basi. Maneno mawili yamebadilishana nafasi, na mtu akawa mkosaji. Dawa imemkataa, amekataa dawa. Ya kwanza ni mgonjwa anayeomba msaada. Ya pili ni mjeuri.

Daktari kijana, foleni imefika mlango wa nje, hakuuliza mara mbili. Akamwambia hawezi kumsaidia mtu asiyejisaidia, aende nyumbani akatafakari, akiwa tayari kutumia dawa arudi. Kaka akajaribu kueleza. Lakini yeye akishikwa na wasiwasi maneno yake nayo hujirudia, "nimemeza, nimemeza kweli, nimemeza," na anayesema hivyo hufanana na mwongo. Na kaka mkubwa alikuwa amekaa pembeni, mikono kifuani, anatikisa kichwa. Alikuwa amepata alichokitaka muda mrefu: mtu mwenye koti jeupe aliyekubaliana naye.

Akaitisha kikao siku hiyohiyo. Mimi sikuitwa. Eti mimi nina mdomo. Akamwambia wifi kwamba mgonjwa amekataa dawa, daktari mwenyewe amesema, na kwamba mtaani sasa wanataka kumpigia kelele za mwizi, hivyo kwa usalama wake atakaa chumba cha nyuma, humohumo nyumbani kwake, mpaka akubali. Kisha akatoa kufuli jipya, bado limo kwenye boksi lake. Kufuli kubwa la shaba, la aina ya ghala, la kulinda mifuko ya saruji.

Nilipata habari kesho yake mchana kutoka kwa mteja, kichwa nusu kimesukwa. Niliacha kitana kwenye nywele zake nikaondoka.

Chumba cha nyuma kina dirisha dogo lenye nondo. Kaka alikuwa amekaa sakafuni chini ya taa. Hakuniuliza kwa nini amefungiwa. Aliniuliza, "Mdogo wangu, hebu niangalizie, pasi iko wapi?"

"Achana na pasi! Ulikataa dawa?"

"Mimi?" Akasimama akaja dirishani. Midomo imepasuka kwa ukavu. "Nikatae dawa mimi? Nilimwambia yule dada, dawa imenikataa. Imenikataa. Sasa kila mtu ananiambia nimekataa, nimekataa, mpaka nimeanza kujiuliza labda kweli sikumeza." Akashika nondo. "Unaona walichonifanyia? Wameniongezea swali lingine."

Hapo nilisikia damu ikinipanda mpaka kwenye masikio. Mtu anateseka na shaka, na dawa mliyompa ni shaka nyingine! Nilizunguka nyumba nikimwita kaka mkubwa kwa jina lake kamili, jina ambalo mdogo hatakiwi kulitamka hivyo, na majirani wakatoka. Akaja mbio kutoka ghalani, suruali yake ya kazi imejaa vumbi la saruji.

"Punguza sauti," akasema. "Unatuaibisha."

"Aibu ni kufungia mtu mzima kama mifuko yako ya ghalani. Lete ufunguo."

"Amekataa dawa. Daktari amesema."

"Dawa ndiyo imemkataa, wewe! Kiswahili kimekushinda lini?"

"Ni yaleyale."

"Ni yaleyale? Basi mkeo akikukataa kesho, nikatangaze wewe ndiye umemkataa?"

Majirani wakacheka, na yeye akakasirika, akaondoka na ufunguo wake mfukoni akisema kikao kimeshaamua. Nilibaki pale uani nimeshika mawe mawili, sijui nipige kufuli au nipige mtu. Wifi akatoka jikoni. Mwanamke mpole, hata mlango anaufunga kwa vidole. Akafungua kiganja.

"Kufuli jipya huja na funguo mbili, wifi," akasema. "Huu niliuchukua kwenye boksi kabla hajalitupa. Nilikuwa nangoja mtu wa kugombana pamoja naye."

Tukamfungulia kaka, na kesho yake tulikwenda kliniki sote watatu. Sikutulia pale mapokezi, na sitasema uongo kwamba nilitulia. Nilimwambia yule dada aweke simu chini, nikamwambia alivyosema na alivyoambiwa, nikamuuliza kama anaona tofauti au nimwandikie ukutani. Mlinzi alikuwa anakuja kunitoa, ndipo mlango wa pili ukafunguka, akatoka daktari mwingine, mama wa makamo amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. "Anayepiga kelele ni mgonjwa au ndugu?" akauliza. Nikamwambia ndugu. "Afadhali," akasema. "Ingieni."

Alimwacha kaka aseme mpaka akamaliza, na pale maneno yalipojirudia hakumkatiza. Kisha akasema kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemwambia: "Inatokea. Wengi wenye ugonjwa huu, dawa ya kwanza haiwafai vya kutosha. Hujakosea kitu."

Wifi akaanza kulia papo hapo. Mimi nilikuwa bado na hasira, nikauliza, "Sasa kwa nini inamfaa mwingine na yeye isimfae? Dawa si ileile?"

Akatueleza. Seli za ubongo zinapelekeana habari kwa kemikali, moja inaitwa serotonini. Inatoka kwenye seli moja, inapokelewa na seli nyingine, na pale inapopokelewa pana vitu vinaitwa vipokezi. Dawa aliyopewa kaka inaifanya serotonini ikae pale muda mrefu zaidi. Lakini kuwepo kwa serotonini ni jambo moja, vipokezi vinaitikiaje ni jambo lingine. Kuna vipokezi ambavyo kazi yake ni kuzuia isizidi. Mwanzoni dawa inapoongeza, vyenyewe vinabana, na huchukua wiki nyingi mpaka vilegee. Vipokezi vya watu havifanyi kazi sawasawa. Watafiti wanadhani hiyo ni sababu moja ya mtu huyu kupona na yule kubaki vilevile. "Na ugonjwa huu," akasema, "mara nyingi unataka dozi kubwa kuliko ile ya kuanzia, na subira. Ndugu yenu aliachwa kwenye dozi ya kuanzia."

Kaka alikuwa ameinama anafikiri. "Kwa hiyo daktari, umeme unafika, ila holda ya taa ndiyo mbovu?"

Daktari akacheka. "Karibu. Ila holda yako si mbovu. Inashika kwa namna yake, na mimi sina testa ya kuiingiza kichwani mwako niione. Nikisema najua kipokezi gani kinakwamisha, nitakuwa nakudanganya. Itabidi tujaribu na tupime kwa unavyoendelea. Tutapandisha dozi taratibu. Isipotosha, tutaongeza kidogo dawa nyingine inayogusa vipokezi vya kemikali tofauti, dopamini. Na utafanya mazoezi ya kuondoka bila kurudi, na mtu wa kukuongoza."

"Na nikikwama tena?"

"Utakuja useme dawa imekukataa. Mimi nimekuelewa."

Unajua nilitaka nini wakati ule? Nilitaka kupiga meza yake. Maneno yote haya yanachukua muda wa kunywa chai, na kwa kukosa muda huo mtu amelala nyuma ya kufuli! Nilimwambia hivyo. Daktari akatoka, na kupitia mlango uliobaki wazi tulimsikia akiongea na yule daktari kijana, na hakuwa anambembeleza.

Haikuwa rahisi baada ya hapo, na asije mtu akanisimulia kama ngano. Dozi ilipanda, kichefuchefu nacho kikapanda. Kulikuwa na wiki alizolala kutwa. Mazoezi ndiyo yalikuwa mateso: afunge mlango, atembee mpaka kwenye kona ya duka la vioo, asigeuke. Wifi alitembea naye, jasho likimtiririka mwanaume yule kama amebeba gunia. Mara nyingine aligeuka. Baadaye wakaongeza kile kidonge kidogo cha pili, na sikuona tofauti, na nikaanza kumchukia hata yule daktari wa miwani. Kisha asubuhi moja nikamwona wifi anapita kwenda kazini, nguo zimenyooka. Nikamsimamisha. "Pasi imerudi nyumbani," akasema, akaendelea na safari yake.

Lile wazo halijaisha. Kaka anasema bado linauliza, ila sasa linauliza kama muuza duka anayekuuliza utaongeza nini: ukisema basi, basi.

Wa mwisho kukiri ni kaka mkubwa, na hata yeye hakukiri. Alijenga sebule mpya, akamwita mdogo wake aje aweke taa, kana kwamba hakuna lililowahi kutokea. Nilikwenda naye kumshikia ngazi, kwa kuwa sikumwamini mwenye nyumba. Kaka alifanya kazi kutwa, akawasha, sebule ikawaka kote. Wageni walikuwepo. Kaka mkubwa akanyoosha kidole kuelekea juu, akawaambia kwa fahari, "Mnamwona huyu? Nilisema mimi. Alipokubali dawa, kapona."

Nilifungua mdomo. Kaka akaniwahi, bila kupandisha sauti, huku anafuta bisibisi kwa kitambaa.

"Mimi niliikubali tangu siku ya kwanza, kaka. Yenyewe ndiyo ilichelewa kunikubali."

"Ah, maneno tu hayo."

"Maneno tu hayohayo ndiyo yaliyonifungia mlango."

Kaka akaangalia meni swichi, mara moja, akaifunga kifuniko. Akachukua begi lake, akaaga wageni, akatoka. Nilimfuata hatua chache nyuma. Alipofika kwenye kona akasimama, na mimi nikasimama. Alisimama tu, begi begani. Nikajiambia sitamwita wala sitamgusa.

Nyuma yetu geti likafunguka kwa kishindo. Kaka mkubwa ametoka na ndala mguu mmoja, jicho limemtoka.

"We fundi! Una hakika umeikaza ile swichi? Ndani kuna watoto! Rudi kidogo uhakikishe!"

Kaka hakugeuka. Aliliweka begi vizuri begani, akaanza kutembea.

"Nimeshaangalia, kaka," akasema. "Ukiwa na wasiwasi, rudia mwenyewe."